Nusu ya Agano

Sogezeni hilo benchi karibu na kitanda mkae, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayotaka kusema si ya kupigiwa kelele. Ndiyo, hilo hilo benchi la kanisa. Najua hamlipendi. Tangu nilipoagiza liletwe humu chumbani mmekuwa mkilipita kwa upande kama mtu anayempita mbwa asiyemjua, na wewe Msimamizi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, jana ulikaa juu ya ndoo na benchi liko wazi. Leo mtalikalia. Lilikuwa benchi letu mimi na baba yenu, na ninyi wenyewe mlijifunza kusimama kwa kulishika. Na wewe, Mzee wa Kanisa, kaa kwenye kigoda hapo penye cherehani, usikie kwa masikio yote mawili, kwa sababu nikishafumba macho wewe ndiwe utakayeulizwa mama alisema nini, nami sitaki aje mtu aseme nilikuwa napayuka kwa homa. Homa ninayo, lakini akili zangu zimekaa mahali pake.

Kitinda, acha kunigusa paji la uso kila mara. Mimi si chungu jikoni, kwamba ukinigusagusa nitaiva upesi.

Nianze na madogo, kwa kuwa madogo ndiyo yanayovunja nyumba. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na atakayetaka kumtoa mwenzake aje kwanza anitoe mimi kaburini. Cherehani ni ya Kitinda, ambaye ameivumilia ikimchoma vidole tangu udogo wake. Kabati ni la Msimamizi, ingawa mlango wake haufungiki na haujawahi kufungika, kwa sababu baba yako alilitengeneza mwenyewe, na mchungaji akijifanya seremala matokeo yake ndiyo hayo. Mbuzi gawaneni kwa amani. Shamba la bondeni tangu lifunikwe na mawe limebaki jina tu, msije mkashtakiana kwa ajili ya jina. Na nyuma ya mlango wa jikoni kuna beseni la bati lenye kiraka cha lami chini. Hilo si letu. Ni la Mama Kwaya. Nililiazima kabla ya mafuriko, likakaa, na baada ya mafuriko mimi na yeye hatukuwa tena watu wa kurudishiana mabeseni. Nitamfikia baadaye, maana maneno yangu ya leo yanamhusu kuliko yanavyomhusu mtu mwingine yeyote nje ya nyumba hii.

Kwanza niwaambie siku ile upya, hata kama mnadhani mnaijua. Wewe Msimamizi ulikuwa shule ya bweni, ulikuja ukakuta tope. Wewe Kitinda ulikuwa na homa, umelala mgongoni mwangu, na homa yako ile ndiyo iliyotuacha hai mimi na wewe, basi nikikuona unaogopa homa yangu hii nacheka kidogo. Ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, wala haikuwa ile mvua tuliyozaliwa nayo, inayobisha hodi kwa upepo kwanza. Hii iliingia bila salamu. Nikamwambia baba yenu, nenda, leo utaniombea. Akavaa koti, akasema, "Usiposikia mahubiri utasimuliwa." Nikasimuliwa kweli.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mlima ulipoanza kunguruma huko juu, watu wa mabenchi ya nyuma waliinuka watoke. Baba yenu akawaambia wakae. Akafungua Maandiko kwenye habari ya Nuhu, pale Mungu alipoweka upinde winguni akaapa kwamba gharika haitaiharibu dunia tena, akawasomea kwa ile sauti yake iliyotuliza hata ng'ombe mkali, kisha akasema, "Aliyeapa ni Mungu. Nani atakimbia?" Wakakaa. Wakaimba. Wala msiseme walikuwa wajinga, wanangu. Watu wasio na imani wangekimbia, wakapona, kwa kuwa hawakuwa na kitu cha kuwazuia. Sisi tulikuwa nacho. Mlima ukaingilia upande wa madhabahu.

Haya nayajua kwa sababu Mama Kwaya alitoka hai. Tope lilimbeba yeye na benchi lake likamtupa juu ya kenchi za paa, na wanawe wawili, aliokuwa amewashika mkono huku na huku, hawakuwa mikononi tena. Siku ya maziko, mbele ya wote, mvua bado inanyunyiza, alisimama kando ya lile kaburi refu la watu wote akasema, "Mchungaji amewaua wanangu kwa aya." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeweza kumsamehe, ningesema ni uchungu. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma somo la siku. Nikamchukia tangu pale, nikamchukia kwa sababu sikuwa na jibu, na miaka yote hii tumeimba kwaya moja, tumeishiriki meza moja ya Bwana, na mkono wangu haujagusa mkono wake.

Mabenchi mnayajua. Yalikutwa mbali kule chini, yamepandana kwenye nguzo za daraja, mengine hayana hata mkwaruzo, kama kwamba tope lilichukua watu na kuyarudisha mabenchi kwa heshima. Kila benchi lilikuwa na alama ya nyumba yake, aliyoichonga baba wa nyumba kwa kisu. Tuliyaosha, tukayarudisha mahali pake kwenye safu za mbele, na kanisa lilipoezekwa tena watu walioingia walikaa nyuma. Hakuna aliyetangaza. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua. Akija mgeni akataka kukaa mbele, hata mtoto mdogo atamwambia, "Hapo pana watu." Mgeni anatazama, haoni mtu, anahamia nyuma. Nimehubiri miaka yangu yote mbele ya safu zile tupu, walio hai nikiwaona kwa mbali kule nyuma kama watu wa ng'ambo ya mto, na nawaambieni kweli leo, wala sioni haya, mara nyingi niliokuwa nawahubiria ni wale wa mbele. Wao hawasinzii.

Na mbao zile hulia. Mmezisikia. Mbao iliyolala majini haikauki moyo. Hewa ikijaa maji, hata kabla wingu halijaonekana, inavimba, inakaza kwenye misumari, inatoa mlio. Ndiyo maana nimelileta benchi hili chumbani. Watu wanasema mama mchungaji amezeeka, ameleta mizimu akalala nayo. Waacheni waseme. Masikio yangu yamekufa kwa mambo mengi lakini mlio ule nausikia hata usingizini. Ayubu alisema, kama ardhi yangu inalia juu yangu, na matuta yake yanatoa machozi pamoja, basi nihukumiwe. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya kupamba. Sasa najua alikuwa mtu aliyekaa kimya shambani akasikiliza.

Nipe maji kidogo, Kitinda. Yatosha.

Na baba yenu huja. Najua, Mzee wa Kanisa, kwamba hatufundishi hivyo, nami kwenye mimbari sikuwahi kusema. Huja anasimama pale penye kabati lake lisilofungika, koti linachuruzika, na kitabu amekishika kidole kikiwa ndani ya ukurasa, kama alivyokuwa akifanya mtu akimkatiza anaposoma. Hanilaumu. Hasemi habari za kuzimu wala za mbinguni. Husema neno moja: "Malizia." Mwanzoni niliogopa hata kuzima taa. Halafu siku moja nikawaza, mwanamke wewe, mumeo anakuomba kitu, unajifunika shuka? Nikachukua Maandiko yale yale yaliyotolewa kwenye tope, yaliyovimba mpaka hayafungiki, nikaenda pale aliposoma siku ile, nikaendelea.

Wanangu, alisoma nusu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: baba yenu hakuwa mwongo, na alilosoma liliandikwa. Lakini agano lile Mungu hakulifunga na Nuhu peke yake. Endeleeni mbele kidogo mtaona amewataja ndege, na mifugo, na kila mnyama wa porini, kila kilichotoka katika safina, wote wameketi kwenye agano moja kama ndugu wa baba mmoja. Na Mungu aliapa kwamba yeye, kwa mkono wake, hataiharibu dunia kwa maji. Aliapa juu ya mkono wake. Hakuapa kwa niaba ya msumeno. Na kabla ya hapo, kule bustanini, mtu alikuwa ameshaambiwa kazi yake, ailime na kuitunza, yote mawili, na sisi tukachukua la kwanza tukalisahau la pili. Mlima ule ulikuwa umenyolewa. Miti iliyokuwa imeushika udongo kwa mizizi ilikuwa imelala kiwandani, imepasuliwa, na sehemu yake tulikuwa tumeikalia sisi wenyewe kanisani tukiimba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko baba yenu na koti lake. Mabenchi yale yalitoka mlima ule ule.

Nikawaambia wazee wa kanisa nataka kuhubiri. Wakasema mimbari si mahali pa mwanamke. Nikawaambia mwanamume ameshajaribu. Mzee, usiniangalie hivyo, ulikuwepo, na ulikuwa wa kwanza kuinama ili usionekane unacheka.

Tangu hapo nimemalizia somo lile kila mwaka inapokaribia mvua, na kila mwaka nimeona Mama Kwaya ameketi nyuma kabisa, mikono imefumbatwa, ananisikiliza kama hakimu. Sikuwaambia watu wamwogope Mungu. Wanamwogopa vya kutosha. Niliwaambia waogope kusoma nusu. Na walipokuja wale wataalamu na mashine zao za kupima mvua, wakatueleza kwamba dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi zenye mali, na kwamba ndiyo sababu mvua imepoteza adabu, inakosekana inapongojwa na inakuja yote kwa mkupuo, nilikwenda nyumbani nikafungua Ezekieli, na mambo yote yalikuwa pale. Kondoo wanono wamekunywa maji safi, kisha wakayakanyaga kwa miguu yaliyosalia, na wadhaifu ndio wanaopewa kunywa tope. Wazee wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawa wamevuka hata methali: wamechuma janga wakatuletea sisi tule, sisi ambao katika bonde zima hapakuwa na gari ila malori ya kiwanda. Niliwaambia hayo waheshimiwa waliponialika mjini, kwenye ukumbi wa baridi kali, kila mtu na chupa yake ya maji mbele. Nikawauliza, "Pale kwetu safu ya mbele ina watu wasioonekana. Nani kati yenu atakuja kukaa nao?" Wakapiga makofi. Wakanipa cheti chenye fremu na kioo. Nimekifunikia mtungi, na kwa kazi hiyo hakijanisumbua.

Sasa sikiliza wewe, Msimamizi wa kiwanda cha mbao, maana tumefika kwako.

Mwenye Kiwanda si shetani. Siku zile za maiti alitoa malori yake yote, akatoa na mbao za majeneza, akakataa kushukuriwa. Mbao za mlima ule ule, mwanangu. Mlima ulitupa benchi, ukatupa kifo, ukatupa na sanduku. Lakini nimemsikia kwa miaka mingi, na nimemsikia akijitetea kwa njia mbili. Zamani alisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Wataalamu walipokuja akabadilisha, akasema, "Ni mabadiliko ya tabianchi, walaumuni wenye viwanda vya ng'ambo." Na la pili hili lina ukweli, ndiyo maana ni hatari zaidi. Moshi wao ulileta mvua mlangoni. Msumeno wetu uliifungulia. Mwizi wa mbali hamfanyi mwizi wa karibu kuwa mlinzi, na atakayehubiri juu ya mmoja akamnyamazia mwingine, huyo naye amesoma nusu.

Najua alichokutuma, mwanangu. Hujaniambia, unazunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini najua. Anataka lile bega la mlima, ile miti iliyobaki juu ya bonde, iliyo shamba langu mimi, nililolirithi kwa baba yangu mzazi, si kwa baba yenu, na hivyo ni juu yangu kulitolea neno. Akilipata atajenga kanisa jipya la mawe, lenye viti vya kila mtu peke yake, na juu ya mlango atachonga jina la baba yenu. Kanisa la Ukumbusho. Usiinamishe kichwa. Nakujua, hukulibeba hilo kwa tamaa. Ulikua ukisikia watu wakinyamaza unapopita. Ulipigana shuleni kwa ajili ya jina lile. Ukaona, hatimaye litasomwa kwa heshima, limeandikwa juu, na watu watapita chini yake. Hata mimi, uliponijia nikiwa nusu usingizini ukawa unazungumza na dada yako kwa sauti ya chini, nililiona lile jiwe, na moyo wangu ulilitaka. Nalisema wazi. Nililitaka sana.

Lakini mfalme Ahabu alipolitaka shamba la Nabothi alitaka kupanda mboga. Mboga tu! Na Nabothi akakataa, akasema Mungu apishe mbali nikupe urithi wa baba zangu. Huyu wetu hataki mboga, anataka kujenga nyumba ya Mungu, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu mwenye mboga utamkatalia, mwenye kanisa utamkatalia kwa mdomo gani? La kuvunda halina ubani, mwanangu. Jina la baba yako haliwezi kuoshwa kwa kuuangusha mlima mara ya pili juu ya watoto wa watu. Tutaliandika kwenye jiwe, halafu mvua ije, halafu jiwe lenyewe lishuke bondeni na jina lake.

Kwa hiyo bega la mlima sikuwaachia ninyi.

Kaeni. Nimesema kaeni, sijamaliza. Nimemwachia Mama Kwaya.

Alikuja juzi mchana, mlipokuwa kwenye shughuli zenu, kwa kuwa nilimtuma Mzee huyu akamwite. Aliingia akasimama mlangoni, akaangalia benchi, akaangalia mimi. Nikamwambia kaa. Akakaa pale pale ulipokaa wewe, Kitinda. Nikamwambia, "Nimekuachia bega la mlima." Akasema, "Unanilipa wanangu kwa miti?" Nikasema, "Hapana. Nakukabidhi." Akauliza, "Na nikitaka kukata, nani atanizuia?" Nikamwambia, "Hakuna." Akapapasa alama iliyochongwa kwenye benchi. Halafu akasema, "Basi sitakata." Akainuka, akaja kitandani, akashika mkono wangu huu, mkono wake mkavu kama gome, tukakaa hivyo, wanawake wawili wazee. Alipoondoka akalisahau beseni lake, au alijifanya amelisahau, sijui. Lipelekeni. Kalipigeni sabuni kwanza.

Mtaniuliza kwa nini yeye. Kwa sababu ninyi mnampenda baba yenu, na mapenzi yenu yana bei, na Mwenye Kiwanda ameshaijua bei yenyewe. Uchungu wa yule mama hakuna atakayeupatia bei. Na jambo jingine nililomwambia yeye nawaambia na ninyi, kwamba siku ile ya maziko alisema kweli, na kwamba baba yenu naye alikuwa mtu mwema, na mambo haya mawili msijaribu kulitumia moja kulifuta jingine. Yabebeni yote. Ni mazito, lakini yanabebeka. Mimi nimeyabeba na mgongo wangu huu mnaouona.

Maandiko yale yaliyovimba ni ya Kitinda. Usiyatie kwenye kabati, yaache mezani yapate hewa. Inapokaribia mvua utapanda mimbarini umalizie somo. Usitikise kichwa. Mtu aliyesomeshwa na cherehani anajua kwamba nguo iliyoshonwa nusu haivaliki. Na wewe Msimamizi, nakuachia kengele. Ile ringi ya lori inayoning'inia mlangoni pa kanisa na chuma chake cha kugongea. Unadhani nakudhihaki, nimempa dada yako Neno na wewe nimekupa chuma. Ngoja. Utaona.

Mimi mnizike kando ya lile kaburi refu, kwa shuka na mkeka, bila mbao. Mbao zimetosha. Benchi hili lirudisheni kwenye safu ya mbele, mahali pake, kushoto. Mwenye Kiwanda akija kwenye maziko mpeni mkono, mpeni na nafasi ya kukaa, na asiongee...

Tulieni.

Mmesikia?

Si kitanda. Kitanda hakina mbao. Inukeni kidogo, wote wawili, msilikalie... Nyamazeni. Hilo. Na tena hilo. Limeanza kwenye kona ile yenye alama ya baba yenu. Kitinda, nje kukoje? Jua? Jua linaweza kuwaka huku mvua iko njiani, usiliamini. Siku ile pia kulikuwa na... hapana, siku ile sikumbuki. Ila mlio huu naujua. Haujalia hivi tangu mwaka ule daraja lilipokatika.

Msimamizi. Baba yangu wewe. Nenda kagonge kengele.

Najua hutaki kuniacha nikiwa hivi. Nimejiona. Nenda. Gonga mpaka nyumba zote za bondeni zifunguke, wapeleke shuleni huku juu, wazee wabebeni, na mtu akikwambia tuimbe kwanza, tuombe kwanza, mwambie mama mchungaji amesema tutaombea njiani. Mtu akikwambia Mungu ameapa, mwambie ameapa, na ndiye aliyetuwekea masikio. Baba yako aliwaambia wakae. Wewe ndiwe utakayewaambia wainuke. Hapo ndipo jina lake lilipo, mwanangu, halipo kwenye jiwe la mtu. Lipo kwenye mkono wako na chuma kile. Usilie, utateleza. Usingoje nife, mimi... mimi nitafanya hilo bila msaada wako.

Nenda na baraka yangu. Baraka ya aliyekuzaa, na ya yule aliyekufia, ikutangulie, ikukute njiani, ikuzunguke wewe na kila utakayemshika mkono, na mkono wako usiachiwe. Mzee, mfuate, miguu yako bado ni mizima, acha kunitazama kama nimekufa tayari.

Mlango uacheni wazi.

Kitinda, njoo. Wewe kaa. Nisikilizie... umeisikia? Bado? Nisikilizie vizuri. Ngoja afike mtoni, ngoja apande... Ile. Ndiyo. Ile ni ringi. Anagonga vibaya, kwa hasira, hajui, lakini inasikika. Inasikika mpaka daraja. Gonga, baba. Wanatoka? Unawaona? Nani huyo mbele, mwanamke... ana kitu kichwani. Ana beseni? Ah. Hapana, beseni liko jikoni. Lipelekeni, mama. Kwa sabuni.

Ubarikiwe na wewe. Katika kuingia. Katika... na wana wako, na ndege wa juu ya paa, na vyote vilivyotoka safinani, wote. Usisome nusu.

Benchi limenyamaza. Sasa limenyamaza kwa sababu wamelikalia. Angalia, yupo na koti lake. Limekauka. Amefunga kitabu, Kitinda, ametoa kidole. Na wale wawili wadogo wa Mama Kwaya pembeni yake wanachezesha miguu, haifiki chini...

Sogeeni kidogo, wanangu. Sogeeni, na mimi nikae.